Ya Jana Bure, ya Leo Kulipia

Shangazi tulimwita Redio, na mwenyewe alilipenda jina. Kila asubuhi, nyumba imejaa wageni wa chai na umbeya, yeye alikaa na simu sikioni akiyapigia maduka ya dawa ya mji mzima: ipi ipo, ipi imekwisha. Mtoto wa kaka yake, Mtambo, aliyaweka yote kwenye tovuti yao.

Tovuti hiyo waliibishania mpaka sisi wageni tukashika pande.

"Tukitoza kila mtu, watatulaani," alisema Shangazi.

"Na tukigawa bure, tutafunga. Utawatangazia kwa mdomo?"

"Mdomo ninao."

"Huo tunaujua, Shangazi!"

Mwisho wakapatana: anayelipia aone orodha ya leo, asiyelipia aone ya jana. Tukaona ni haki. Siku moja tu, kuna nini?

Ng'ambo ya barabara alikaa Fundi, mshona nguo, na mkewe mwenye kisukari. Mke hakutaka ugonjwa wake ujulikane. "Ukimwambia Redio, umeliambia soko," alimwonya mumewe. Basi insulini ilipokwisha, na hospitali nayo haina, mke ametapika usiku kucha, Fundi hakuvuka barabara. Alifungua ukurasa wa bure kwenye simu. Ukamwambia: ipo, duka la stendi.

"Fundi, mbio hizo za wapi?" Shangazi alimpigia kelele kutoka barazani, simu bado sikioni.

"Nafuata nyuzi, Shangazi."

"Usituletee mke wa pili tu!"

Stendi wakamwambia imekwisha tangu jana. Akaenda duka jingine, na jingine, kwa miguu, akifuata ya jana. Aliporudi, mkewe hakuitika tena. Alifia njiani, wakimkimbiza hospitali.

Kesho yake tulijaa msibani. Fundi alikuwa kwenye mkeka, simu mkononi. Ukurasa wa bure ulikuwa umegeuka, kama unavyogeuka kila asubuhi, na ya jana sasa ilikuwa wazi kwa wote.

"Shangazi, hebu nisomee. Insulini ipo, duka la nyuma ya gereji?"

Gereji ile, ukikaa kwa Fundi, unasikia nyundo zake.

Shangazi hakuhitaji kusoma. Ndilo duka alilokuwa akiongea nalo alipokuwa akimtania juu ya mke wa pili.

"Ilikuwepo, baba. Mimi mwenyewe ndiye niliye..."

"Kumbe kulikuwa na ya leo," alisema Fundi. Akaizima simu, akaiweka mfukoni taratibu, kama kitu cha kuazima.

Siku ile ile Mtambo alizifungua dawa zote za kuokoa uhai, ya leo ikawa bure. Kwa dawa nyingine watu wanalipia bado, na tovuti inajikongoja.

Shangazi naye anapiga simu bado. Anauliza, anaandika, anashukuru, basi. Wauzaji humuuliza kama kweli ni yeye.