Ndiyo Isiyopita Kwenye Simu

Kwa miaka miwili Ersilia hakutamka neno "ndiyo" kwenye simu. Aliyemtia hofu ni dada yake, Iolanda. Huyo dada alipigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu, akaulizwa, "Unanisikia, mama?" naye akajibu ndiyo. Mwezi uliofuata akaletewa ankara ya kampuni ya umeme asiyoijua, na alipolalamika akasikilizishwa sauti yake mwenyewe ikikubali mkataba. Tangu hapo kijiji kizima kilijifunza. Ukiwapigia watakujibu "Endelea" au "Wewe nani?", lakini ndiyo hupati ng'o.

Nyumbani kwa Ersilia hakukuwa na cha kula umeme: taa ya jikoni, friji dogo, na redio aliyosali nayo rozari kila saa kumi na mbili jioni tangu amzike mumewe, Rocco. Hata hivyo ankara ilikuja imenona, kwa sababu ya ada ya mwezi, ambayo hulipwa hata ukikaa gizani. Akaapa kwamba asipopata kampuni yenye ada nafuu kabla ya Pasaka, ataomba wakate waya. Mshumaa aliumudu. Alichoogopa ni redio kunyamaza, asali peke yake bila mtu wa kumwitikia.

Jirani yake Donato, mgane aliyestaafu kazi ya kupunga bendera relini, alikuja mchana na rundo la vipeperushi.

"Hawa umeme wao ghali kidogo, lakini ada ndogo," alisema. "Kwa mtu wa friji na redio, ndio wenyewe. Hawa wengine wanakupa na blenda."

"Nisagie nini, jirani, na meno ninayo?"

Wakapiga simu kwa wale wa ada ndogo. Akapokea binti mmoja, akachukua jina na anwani.

"Mazungumzo haya yanarekodiwa, mama. Wewe ndiye Ersilia Petrone?"

"Ndivyo padri alivyoniita siku ya ubatizo."

"Unakubali kuhamia kwetu?"

"Sina kinyongo."

"Naomba useme ndiyo, mama."

"Binti yangu, Bikira Maria alimjibu malaika, 'Na iwe kwangu kama ulivyosema.' Ikatosha."

"Mtambo wetu hautambui hilo, mama."

"Basi mtambo wenu haujasali." Akakata simu.

Donato alicheka mpaka miwani ikamdondokea kwenye kahawa. Alipomaliza kuifuta, hakucheka tena.

"Mimi nalipa ada kwa friji moja na taa moja," alisema. "Wewe vilevile. Ada mbili, ili kila mtu anune kwenye jiko lake."

"Unataka kusema nini?"

Masikio yakamwiva Donato. Akakusanya vipeperushi, akaaga, akaacha kahawa nusu kikombe.

Hazikupita dakika kumi, simu ikalia.

"Ersilia, ni Donato. Ana kwa ana nimeshindwa. Kuna mpango mwingine: mita moja, hii iliyo ukutani kwangu, na sisi wawili. Jumapili tungemwona padri. Unakubali?"

Ersilia akafungua mdomo. Moyo ulikuwa umeshajibu, lakini neno lilifika kwenye ulimi likakwama palepale, kwa mazoea.

"Endelea," akasema.

"Nimemaliza." Sauti ya Donato ilinywea. "Basi, jirani. Sahau niliyosema." Simu ikakatika.

Ersilia alisimama kidogo mbele ya picha ya Bikira Maria, akapiga ishara ya msalaba. Kisha akachomoa waya wa redio, akaipakata, akavuka uchochoro na ndala zake za jikoni, majirani wawili wakimtazama madirishani. Donato alifungua mlango simu ikiwa bado mkononi.

"Hiyo umeizima?" Ersilia akamuuliza.

"Nimezima."

"Zima tena."

Donato akabonyeza, akamwonyesha kioo cheusi.

"Ndiyo," alisema Ersilia, akampita mlangoni huku macho yakitafuta soketi. "Na saa kumi na mbili uwe macho. Ukinisinzilia kwenye fungu la pili la rozari, narudi kwangu na ada yangu."

Donato akamshikia waya wa redio.

"Mimi huwa nasinzia la tatu," akakiri. "La pili nalimudu."