Kanyaga, Baba

...na haya si maji, maji yangekauka kidoleni, haya yanateleza, na harufu hii naijua tangu kambi ya magereza nilikozaliwa, ni mafuta ya breki, Mungu wangu, mafuta ya breki, na mimi nimelala chali uani kwetu Nkoma, Mbale, chini ya gari la baba nikitafuta kosa dogo tu, oili ya injini, maji ya rejeta, chochote cha kumwambia mzee gari lako bovu, lete funguo, maana kaka yangu Geresom amepiga simu asubuhi kutoka Jinja, Aber, leo umnyang'anye funguo, mzee amechoka, jana mlivyoondoka huku aliingia barabarani kama mtu anayejifunza, nami nikasema sawa, upesi tu, sawa, na bila gari atafikaje Budondo, karibu na Jinja, kwenye kaburi la mama, anakokwenda kila mwezi kung'oa majani na kumpa mama habari za nyumbani kana kwamba yuko jikoni anamsikia... "Umeona?" anauliza huko juu, amekaa kwenye usukani, mlango wazi, goti lake limekataa kulala huku chini... bado, Baba, ngoja nipanguse... na napangusa polepole, naogopa kufuta njia yenyewe, maana njia imejichora, jamani, vumbi jekundu la barabara ya Budondo limeganda pale palipolowa tu, mstari wa tope unashuka kwenye mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta, gurudumu la mbele kushoto, mpaka kwenye chuma, na wiki zote hizi hatukuuona kwa sababu baba huosha gari kila alfajiri kama linakwenda kukaguliwa na wakubwa, alivyokuwa akiosha lori la wafungwa alipokuwa dereva wa magereza, gari chafu ni aibu ya dereva, ndivyo alivyotulea, anaosha juu, anaosha uvunguni, anaosha hadi nyuma ya magurudumu, kwa hiyo gari lilikuwa linavuja na afande mwenyewe, kwa sabuni yake na mikono yake, anafuta ushahidi, na leo tu, kwa vile mabomba ya maji ya Nkoma yamekauka tangu jana, gari limeamka na vumbi lake... kanyaga, Baba! "Nakanyaga." Naangaza kwa simu, tairi nimelilaza chini ya bodi kama alivyonifundisha, jeki ikiteleza gari lilale juu yake na siyo juu yangu, nati ya kutolea hewa nimeikaza kwa spana ya kumi, pale pakavu, safi, lakini angalia, lo, angalia mpira wenyewe, pale unapopinda pana ufa mwembamba kama unywele, na anapokanyaga ufa unafunguka na tone linatoka, moja, linaning'inia, linadondoka kwenye boksi nililolitandika, na anapoachia ufa unafunga, hakuna kitu, mpira mzima kabisa, nani angejua... na ajabu yenyewe ni hii, mguu wa mzee uko kule juu na mimi nauona huku chini, anasukuma pale na hapa chuma kinasogea, kati yao hakuna mnyororo wala kamba, ni mafuta tu ndani ya bomba jembamba, mafuta ya kujaza kikombe cha chai, na juu ya kikombe hicho tunapanda sisi wote, watu wazima na watoto, tunafunga milango na kuanza kubishana nani akae dirishani... "Pedali inashuka mpaka chini," anasema, "kama jana." Kama jana? Jana wapi, Baba? "Ilianza pale Nakalama." Nakalama! Nakalama ndipo tulipokata kushoto tukitoka Budondo kuja Mbale, safari bado ndefu, watoto wangu Cissy na Tyson wanaimba nyuma, na mimi pembeni yake nasema Baba, hata baiskeli iliyobeba mikungu ya matoke inatupita, yeye anajibu sina haraka mimi, gia ya pili, mkono umelala kwenye breki ya mkono, nikadhani uchovu, na leo asubuhi nikadhani Geresom amesema kweli, kumbe mkono ule ulikuwa kazini, na pale barabara inapokata kinamasi cha Mpologoma, maji kulia, maji kushoto, lori la mbele likasimama ghafla, akapiga pedali haraka haraka, gia ya kwanza, akavuta breki ya mkono taratibu, tukasimama nyuma ya lori bila mtikiso, Cissy kalala begani kwa kaka yake na hakuamka... hakuamka! nataka kumgombeza, alipaswa aliache gari Tirinyi, pale alipoteremka eti anakwenda haja ndogo nikamwona amechuchumaa kwenye gurudumu, angetuweka kwenye teksi, kwa nini hukusema, Baba, namuuliza. "Ningesema ungepiga kelele, watoto wangelia. Mimi nilihitaji masikio yangu kulisikiliza gari." Basi. Ndivyo alivyosema. Nimelala hapa mgongo umelowa, naona soli ya kiatu chake kupitia mlango wazi, kiatu cha zamani, kimepigwa rangi kikang'aa, na mguu ule ulijua jambo ambalo sisi wote ndani ya gari hatukulijua na ukatufikisha hadi mlangoni, na mimi nilikuja kuunyang'anya funguo... "Aber," ananiita, chini chini. Ndiyo, Baba. "Asubuhi nilimsikia Geresom kwenye simu. Ukimaliza, funguo zichukue tu. Ziko hapa." Tone lingine linajikusanya kwenye ufa, nalitazama, na siwezi kusema lile lote ninalotaka kusema, kwa hiyo nasema la kazi, nasema mpira umekwisha, Baba, kesho tunafunga mpya, nitafungua nati hapa chini nitoe hewa kwenye mafuta na nitamhitaji mtu wa kukanyaga, mtu anayejua kukanyaga, funguo ziache hapo hapo, usiondoe mguu... "Siondoi," anasema, na hajauondoa.