Sikugusa Kitu

Hospitalini walimwita Profesa. Jina alijipa mwenyewe, wenzake wakalikubali kwa kuchoka kubishana. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta, na kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kuwacheka wanaoziharibu. Kila aliyeulizwa, "Umefanya nini?" alijibu, "Sikugusa kitu." Profesa alikwenda kuwaigiza nyumbani mmoja mmoja, sauti na nyuso, mpaka mkewe analia kwa kicheko.

Siku hiyo mambo yalimgeukia. Ndani ya seva ya hospitali mlikuwa na diski moja, na ndani ya diski hiyo ziliishi mashine pepe nne, yaani kompyuta kamili zisizo na bati wala waya: ya maabara, ya duka la dawa, ya zamu, na ya mafaili ya wagonjwa. Tangu saa nne asubuhi seva iliikana diski hiyo mchana kweupe. Profesa alizima, akawasha, akapuliza vumbi, akaomba Mungu. Wapi!

Saa sita na nusu muuguzi wa chumba cha upasuaji aliingia bila kubisha hodi.

"Profesa, kuna mama anangoja kupasuliwa. Uzazi uliopita dawa moja ya usingizi nusura imuue. Jina la dawa hiyo halikumbuki, lipo kwenye faili. Daktari anasema mwisho saa nane. Zaidi ya hapo mtoto hasubiri."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Profesa alimpigia mdogo wa mkewe, fundi wa seva katika ofisi nyingine, ambaye kwa miaka sita alikuwa akimtania kwa jina la Mama Nyaya. Aliweka simu kwenye spika ili mikono iwe huru, kosa lake la pili siku hiyo.

"Eh, shemeji! Leo Profesa wa ukoo kamkumbuka Mama Nyaya? Haya, umefanya nini kabla haijapotea?"

"Sikugusa kitu."

Lilimtoka lenyewe, laini kabisa. Shemeji akamwamini, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Alimfungulisha skrubu, akambadilishia nyaya, akamhamisha diski tundu hadi tundu. Mara tatu aliuliza tena, na mara tatu Profesa alikana, kila mara kwa uso wa mtu aliyesingiziwa. Dakika arobaini zikapita. Muuguzi alisimama nyuma yake akitazama saa.

"Basi, shemeji," sauti ilisema. "Kama kweli hukuigusa, diski imekufa. Mwambieni daktari aingie bila faili."

Profesa alimtazama muuguzi. Katika vyeti vyote vya vifo vya hospitali ile, hakuna hata kimoja kilichowahi kuandikwa aibu kuwa chanzo.

"Shemeji... niliichomoa. Nilitaka kuona imejaa kiasi gani, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Ikaniuliza kama iiandae ianze kutumika. Nikabonyeza ndiyo."

"Ulisoma lakini?"

"Sikusoma."

Kicheko kilijaza chumba. "Si ungesema! Haijafa hiyo. Umefuta ukurasa wa yaliyomo tu, kitabu chote kipo. Shika kalamu."

Alimpa amri za kuonyesha data ilianzia wapi na iliishia wapi, na namba za kuandika upya. Profesa aliandika, akakosea mara mbili. Mwishowe muuguzi alimsomea tarakimu moja moja kama anafundisha darasa la kwanza. Seva ikawaza. Kisha majina manne yakajipanga kwenye skrini.

"Washa ya mafaili peke yake," shemeji alisema.

Ikawaka. Profesa alirudisha mabega mahali pake. Tayari alikuwa akitunga jinsi atakavyoisimulia nyumbani, sehemu ya kubonyeza ndiyo ikiwa imefupishwa sana.

Muuguzi alifungua faili, akasoma. Kisha aliinua simu ya mezani na kupiga chumba cha upasuaji.

"Mwageni dawa mliyovuta kwenye sindano," alisema. "Ndiyo hiyohiyo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika nne. Muuguzi alitoka mbio.

"Shemeji?" sauti iliita kutoka simuni. "Shemeji, upo?"

Alikuwapo. Alikaa sakafuni kando ya seva, akizihesabu upya zile dakika arobaini alizozitumia kulinda jina lake.