Mshipi wa Raakera

Ulimi huponza kichwa, na wa Ioteba ulimponza saa tatu asubuhi, mbele ya watu hamsini, akiwa na kipaza sauti mkononi.

Ilikuwa siku ya kwanza ya mkutano wa vijana wa visiwa vidogo, na Tarawa, kisiwa kikuu cha Kiribati, ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Wageni walikuwa wametoka Tuvalu, Nauru, Tokelau, Niue na Visiwa vya Marshall. Wote waliketi mikekani ndani ya maneaba, ukumbi mkubwa wa kijiji usio na kuta, mashada ya maua yakiwanyaukia shingoni kwa joto. Ioteba, kijana wa miaka ishirini na mitano, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na alipewa kazi ya kuwafundisha adabu za pale. Akawaambia wasipite mbele ya wazee bila kuinama. Akawaambia wasitabasamu wakicheza ngoma, maana mchezaji wa Kiribati hachezi ili apendwe sura. Kisha akafika kwenye bubuti.

"Hapa kwetu," alisema, "mtu akikuomba kitu kwa neno hilo, unatoa. Ukikataa, aibu yako watairithi wajukuu. Binamu yangu Tiareti, huyo hapo, alinibubuti pikipiki. Sasa mimi natembea kwa miguu, yeye akinipita ananipungia mkono."

Watu wakacheka, na Tiareti akapunga mkono ili wamwone vizuri. Angeishia hapo. Lakini nani amewahi kumwambia kijana aliyeshika kipaza sauti kwamba yatosha?

"Msione haya," akaongeza. "Mila zetu si za maonyesho, ni za kuishi. Niombeni hata suruali, mtapata."

Wageni wakaandika kwenye madaftari yao. Aliyeandika zaidi ya wote alikuwa Pasemeta, kiongozi wa vijana wa Tuvalu, msichana mchangamfu asiyekubali kitu kimpite.

Sasa, Ioteba alikuwa na mali moja tu duniani ambayo asingeitoa kwa hiari. Ilikuwa mshipi wa kuchezea ngoma, uliosukwa kwa nywele za wanawake watatu wa kwao. Mwanzo wake ulikuwa nywele za bibi yake, zenye mvi. Katikati, sehemu ndefu kuliko zote, nywele nyeusi za shangazi yake Teitia. Mwishoni, karibu na fundo, urefu wa shubiri moja, nywele za mama yake, Raakera, zilizogeuka nyekundu kwa jua na chumvi kwa miaka aliyokuwa akiokota kome ufukweni. Alizikata wiki aliyojua kwamba ugonjwa hautamwachia, akazisuka mwenyewe kitandani, na hakuwahi kupata nguvu ya kuongeza shubiri ya pili. Miaka minne ilikuwa imepita tangu wamzike.

Tangu siku hiyo Bauro, baba yake Ioteba, hakutia mguu penye ngoma. Alibaki kwake kisiwani Abaiang, akivua na kunyamaza. Lakini safari hii alituma ujumbe kwamba Jumamosi, siku ya kufunga mkutano, atavuka kwa boti. "Nakuja kuziona nywele za mama yako zikicheza," alisema. Ioteba aliusikiliza ujumbe ule kwenye simu mara nyingi mno.

Alhamisi, wakati wa mazoezi, aliutoa mshipi kwenye kopo lake akaanza kuupaka mafuta ya nazi. Wageni wakamzunguka. Wakauliza ni nini, naye akawajibu kwamba ni nywele za wanawake wa kwao. Hakusema mengine. Nani anapenda kuzungumza habari za msiba katikati ya mazoezi? Pasemeta akapiga magoti mbele yake, akakunja mikono mapajani kama alivyofundishwa, akavuta pumzi.

"Kaka Ioteba," alisema, "nakububuti mshipi huo."

Maneaba yote ikanyamaza. Wenyeji walinyamaza kwa kuelewa, wageni kwa kuona wenzao wamenyamaza. Ioteba alimtazama Tiareti, na Tiareti akatazama mkeka. Angeweza kucheka akasema aombe kingine. Lakini alikuwa ni yeye, kwa kinywa chake, aliyewaambia watu wa nchi tano kwamba hapa hapana kukataa, na msichana wa watu alikuwa amelitamka neno bila kosa hata moja, uso umemng'aa kwa heshima. Mchimba kisima hukiingia mwenyewe. Akautoa kwa mikono miwili.

"Wako, dada."

Pasemeta akaukumbatia. "Jumamosi utaona," alimwambia. "Utafurahi mpaka ulie."

Mchana, nyuma ya jiko, wali na samaki vikiwapoa mikononi, Tiareti alimsema binamu yake bila huruma. Alisema atamwendea yule msichana mwenyewe, amweleze ule mshipi ni wa nani, naye ataurudisha mbio huku akiomba radhi.

"Humwendei," alisema Ioteba.

"Pikipiki nilikuomba kwa sababu najua ulikuwa umeichoka. Huyu hajui alichoomba."

"Ndiyo maana siwezi. Akijua, ataona tumemtega. Wataenda kwao waseme mila za Kiribati ni za kwenye kipaza sauti."

"Waseme. Kwani baba yako anavuka bahari kwa ajili yao, au kwa ajili ya nywele za mama yako?"

Ioteba alikuwa ameshikilia lile neno la Pasemeta, kwamba Jumamosi ataona. Alijiambia kwamba Pasemeta atauvaa kwenye ngoma ya kufunga, na baba atauona, japo kiunoni kwa mtu mwingine. Hilo lingetosha. Mtu aliyenyang'anywa chote hujifunza kuomba kidogo, na Ioteba alilala siku mbili akiomba hicho kidogo.

Jumamosi alasiri Bauro akafika, na shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Akaenda kukaa kwenye nguzo ya ukoo wao, mahali pao pa siku zote, akaweka kopo la poda kando yake, la kumnyunyizia mchezaji shingoni kama ilivyo desturi. Akamwona mwanawe amesimama tayari, mkeka wa kuchezea umefungwa kiunoni kwa kamba ya makumbi. Akaitazama ile kamba kwa muda.

Kabla ya ngoma, Pasemeta akasimama na sinia la majani ya mnazi. Alisema kwamba wiki nzima wamezungumza jinsi visiwa vyao vilivyo vidogo na jinsi bahari inavyovila. Mmoja mmoja hawasikiki popote, alisema. Wenyeji wao wamewapa kitu cha thamani, na yeye hakuona haki kukichukua peke yake.

"Mshipi mmoja," alisema, "nchi sita."

Akaliinua sinia. Juu yake palikuwa na vipande sita vya nywele zilizosukwa, kila ncha imefungwa kwa uzi mwekundu, kwa uangalifu, kazi ya mtu aliyekesha. Watu wakapiga makofi. Ioteba hakuthubutu kutazama upande wa nguzo ya ukoo wao.

Vipande viwili vilikuwa na mvi, vitatu vyeusi, kimoja chekundu. Alikiona mara moja, kwenye ukingo wa sinia. Kipande cha mama kilikuwa kizima, mkasi haukukigusa katikati. Akawaza, kimoja tu, nipewe hicho tu, vingine vyote waende navyo na Mungu awabariki.

Lakini mwenyeji huchukua mwisho. Hilo nalo alikuwa amewafundisha yeye.

Nauru akachukua cha mvi. Marshall akachukua cheusi. Kijana wa Tokelau akakigusa kile chekundu, akakigeuza, akakiacha, akachukua cha mvi. Niue akachukua cheusi. Vikabaki viwili, na aliyebaki mbele ya Ioteba ni Pasemeta mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile Ioteba alimtazama mgeni wake kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Pasemeta alisita. Mkono wake ulikwenda kwa cheusi, kisha ukarudi.

"Hiki kizuri," alisema taratibu, akachukua chekundu.

Neno moja lingetosha. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, na nakububuti ni neno ambalo hata mtoto anaweza kulisema. Ioteba akafungua kinywa. Nyuso hamsini zilikuwa zikimtazama kwa furaha. Kuomba kile ulichokwisha kukitoa, mbele ya watu, ni jambo ambalo hajawahi kulisikia kwa mtu wa ukoo wake.

"Asante, dada," alisema, akachukua kilichobaki.

Akacheza. Alitandaza mikono na kugeuza kichwa kwa ghafla kama ndege wa baharini, na hakutabasamu, wageni wakasema hawajaona mchezaji wa kweli kama yule. Katikati ya wimbo Bauro aliinuka, akaja na kopo lake, akamnyunyizia mwanawe poda shingoni. Nusu yake ikaanguka mkekani.

Walipomaliza, wageni walianza kukumbatiana na kupeana anwani. Baba na mwana wakakaa kwenye nguzo yao.

"Uliombwa?" Bauro aliuliza.

"Niliombwa, baba."

"Kwa neno lenyewe?"

"Kwa neno lenyewe."

"Basi ulifanya sawa."

Laiti angemkaripia. Ioteba alilia hapo, kimya, machozi yakiilowesha poda shingoni, wala hakujali nani anaona. Baba yake akanyoosha mkono, akapewa kile kipande. Akakipitisha kwenye vidole polepole, akakinusa.

"Hizi ni za Teitia."

"Najua."

"Teitia yu hai, mwanangu. Nywele zake naziona kila siku akichota maji."

Akakirudisha kwenye kiganja cha mwanawe, akakifunika kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha akauliza boti ya kurudi Abaiang inaondoka saa ngapi.