Mzee Anataka Nini?

Binti mmoja, kitindamimba kwao, alikuwa mwandishi wa filamu, na mswada wake wa safari hii ulimtoa jasho. Ulimhusu mzee mjane anayeishi kwa binti yake. Mwongozaji aliusoma wote, akaurudisha taratibu, akasema mazungumzo ni matamu, ila mzee mwenyewe amekaa tu kama kabati: analishwa, anafuliwa, anapelekwa hospitali.

"Anataka nini huyu mzee?" akauliza. "Mtu asiyetaka kitu hana pa kwenda, na sisi hatuna pa kumfuata."

Swali lile lilimganda mwandishi kama kupe hadi nyumbani. Mzee wa kwenye mswada alikuwa baba yake mtupu, mpaka kikohozi. Fundi cherehani aliyevalisha nusu ya mtaa, na tangu mama afariki alikuwa akiishi kwake, haruhusiwi hata kushona kifungo, asije akajichoma.

Alimkuta sebuleni, redio ikijisemea peke yake. Akaketi karibu, akamuuliza swali lile kama utani.

Baba akavua miwani. "Nataka chumba changu, mwanangu. Niweke cherehani, nipike mwenyewe. Siku ukija, nikukaribishe. Hapa kwako mimi ni mgeni asiyeaga."

Maneno hayo yalimchoma binti. Akaja juu: macho ya mzee hayaoni vizuri, miguu imechoka, watu watasema amemfukuza baba yake. Mzee hakubishana. Kesho yake akatoka kutafuta chumba kwa miguu hiyo hiyo iliyochoka, na keshokutwa tena. Binti akamfuata kwa nyuma, akijidai anakwenda dukani. Alimwona akigonga kuta, akifungulia mabomba, akitaniana na wenye nyumba, akicheka mpaka anashika kiuno. Hakukumbuka lini alimwona akicheka vile. Ndipo alipojitokeza, akamshika mkono, wakatafuta pamoja.

Walipata chumba chenye dirisha pana, nyuma ya duka la vitambaa. Na mswada nao aliuandika upya, kalamu ikikimbia, maana sasa mzee wake alikuwa na safari, na binti wa kuizuia.

Jumapili ya kwanza alikaribishwa chakula. Mchuzi ulikuwa na chumvi ya kutosha harusi. Alikula wote, akaomba tena. Baba, akipinda gauni la jirani, akamshauri kwamba katika filamu asisahau kumpa yule mzee mwanamke wa kuzungumza naye.

Kijiko kikabaki hewani. "Mwanamke yupi, baba?"

"Wa filamu tu," mzee akasema, macho kwenye mshono.