Matope ya Darasa la Tano

Mwalimu Kwek Bee Lian alikabidhiwa kazi ambayo wenzake wote walikuwa wameikimbia: kuandaa picha za Mambo Makuu ya Muhula. Kila muhula ukiisha, shule yao ya msingi pale Singapore iliwaita wazazi ukumbini, ikazima taa, ikawaonyesha watoto wao wakitabasamu. Watoto wakipanda mboga. Watoto wakipiga fidla. Watoto wakiwa wamesimama kando ya roboti zilizoundwa na baba zao. Hakuna hata mmoja aliyeonyeshwa akilia juu ya daftari la hesabu, ingawa kilio hicho ndicho kilichokula sehemu kubwa ya muhula.

Mara hii kilele kilikuwa safari ya darasa la tano kwenda Vietnam. Mwalimu mkuu, Bwana Gerard Oliveiro, mtu nadhifu aliyependa kusimama palipo na mwanga, aliiita Safari ya Huruma.

"Mwalimu Kwek, nataka picha moja tu," alimwambia. "Mtoto wetu anampa mtoto wao kitu. Wetu yuko juu kidogo, wao chini kidogo. Umenipata?"

"Kitu gani, Mkuu?"

"Chochote! Penseli, mswaki, hata sabuni. Muhimu ni mkono."

Bee Lian akaitikia, "Ndiyo, Mkuu." Maneno hayo alikuwa ameyasema miaka mingi mpaka yalikuwa yakimtoka yenyewe, kama chafya.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mama Yi Heng, alimvizia getini.

"Mwalimu, mwanangu amezoea kiyoyozi. Huko hewa ikoje?"

"Ni hewa tu, mama. Ya kawaida."

"Hiyo ya kawaida ndiyo inayonitia wasiwasi. Na hii huruma, inatahiniwa?"

"Haitahiniwi."

"Sasa anaifuata ya nini?"

"Itaandikwa kwenye cheti chake, akiomba nafasi ya sekondari."

"Ee! Si ungesema tangu mwanzo?" Siku hiyo hiyo akamnunulia mwanawe kofia, miwani na dawa ya mbu ya kutosha kufukuza tembo.

Shule waliyoifikia ilikuwa kijijini, nje kidogo ya mji wa Hue. Bwana Oliveiro aliteremka basini akiwa tayari na uso wa kusikitika, kisha akakosa pa kuuweka. Kuta zilikuwa safi. Maktaba ilikuwepo. Wanafunzi walijipanga wakiwa na mashati meupe, skafu nyekundu shingoni, na viatu vinavyong'aa kuliko vya wageni. Waliimba kwa sauti tatu. Wageni walipoombwa nao waimbe, walitazamana, kwa kuwa kuimba hakukuwa kwenye mtihani.

Wakala tambi za mchuzi. Wenyeji walipomaliza kila mmoja alichukua bakuli lake akaenda kuliosha. Yi Heng alibaki amekaa, akitupa macho kushoto na kulia, akimtafuta dada wa kazi.

"Hawa mbona hawana shida?" Bwana Oliveiro alimnong'oneza Bee Lian, kama mtu aliyeuziwa embe bovu.

"Labda zimejificha, Mkuu."

Mkuu hakuona mzaha. Alimwendea mwenyeji wake, Bi Hanh, mwalimu mkuu wa shule ile, mama mfupi aliyejua Kiingereza cha kumtosha kumcheka mtu, na akamwomba jambo dogo: je, watoto wake wangeweza kuvua viatu? Kwa picha tu. Na zile skafu pia, kama si taabu.

Bee Lian alitamani ardhi impasukie. Bi Hanh akaipandisha miwani yake.

"Wavue viatu," alirudia polepole. "Wageni waliowatangulia walitaka kutupakia ukuta rangi. Ukuta ulikuwa mpya. Walipoondoka tukaupaka tena. Nyinyi wenzetu mna nafuu, mmetaka viatu tu."

"Ni dakika chache, mama."

"Sawa, bwana. Lakini kwetu mgeni na mwenyeji hufanya mambo pamoja. Wavue wote."

Basi wakavua wote. Mkuu akapiga picha yake ya mswaki haraka haraka: Yi Heng akiunyoosha, na msichana mmoja mwembamba aitwaye Tham akiupokea huku akijizuia kucheka, maana mswaki alikuwa nao nyumbani, tena wa betri.

Nyuma ya shule kulikuwa na mashamba ya mpunga yaliyokuwa yamelimwa na kujazwa maji. Tham, alipoachiwa, alikwenda mbio juu ya tuta, peku. Wenzake wakamfuata. Msichana mmoja wa wageni, Dharshini, akawafuata hao. Kufumba na kufumbua tuta lote likawa watoto.

"Mwalimu, nyasi zinanichoma!" alilia Yi Heng, akitembea kama kuku juu ya makaa. Kisha akateleza, akaenda chini na kofia yake.

Bee Lian alikimbia akijua kilio kinakuja, na nyuma ya kilio simu ya mama mtu. Yi Heng akainuka, matope hadi kwenye meno, akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikubwa, cha ovyo, na Bee Lian alitambua kwamba hajawahi kukisikia tangu mtoto yule aingie darasani kwake. Watoto wengine wakajitupa mmoja mmoja, kama vyura.

"Tokeni!" Bwana Oliveiro alipiga kelele. "Tokeni humo! Bima! Bima haina matope!" Akasogea karibu mno, akazama hadi magotini.

Tham alikuwa amesimama juu ya tuta, ameinama, amemshika Yi Heng mkono kumvuta. Wao juu kidogo, wetu chini kidogo. Bee Lian akapiga picha.

"Hiyo ifute," Mkuu alimwambia walipokuwa wakirudi, akijipangusa.

"Ndiyo, Mkuu."

Hakuifuta. Siku ya wazazi, baada ya mboga na fidla, picha ya mswaki haikutokea ukutani; yakatokea matope. Bee Lian hakuisogeza mbele. Mama Yi Heng akasimama.

"Yule ni mwanangu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona… anacheka?"

Akaisogelea hadi mbele ya ukumbi, na Bee Lian akadhani kuna kitu kimebadilika duniani. Kisha mama akatoa simu, akaipiga picha ile, akaituma kwenye kundi la wazazi kabla mwingine hajamtangulia.

"Na wangu?" akadakia mzazi wa nyuma. "Wangu mbona simwoni kwenye matope? Au matope ni ya watoto wa kamati?"

"Hata wangu!"

Bwana Oliveiro, aliyekuwa mwekundu kama kaa wa kuchemshwa, akanusa upepo. Akashika kipaza sauti.

"Wazazi wapendwa, kama tulivyopanga tangu mwanzo…"

Muhula uliofuata, bwawa la matope lilikuwa tayari nyuma ya kantini, chini ya paa. Udongo uliagizwa ng'ambo, ukachujwa na kutiwa dawa. Kulikuwa na mabuti, glavu na viwango vinne vya kuanguka. Karibu na kituo cha basi duka moja la masomo ya ziada lilibandika tangazo: Maandalizi ya Matope, kuanzia darasa la pili. Bee Lian alipandishwa cheo, akawa mkuu wa somo hilo.

Siku ya kwanza watoto walijipanga ukingoni wamevaa aproni za plastiki. Yi Heng alilichungulia bwawa lililonukia limau.

"Mwalimu," aliuliza kwa adabu, "tuanguke sasa hivi, au tungoje filimbi?"

Mkuu alikuwa dirishani na kamera. Bee Lian akapuliza filimbi, na watoto wakaanguka kwa mstari, kuanzia kushoto, bila kelele.