Tabasamu la Marehemu

Kaka mtu aliamuru picha ya marehemu baba yao ichorwe akitabasamu. Tabasamu! Mzee yule, fundi cherehani, ambaye hata siku ya harusi ya mwanawe alikunja uso kama kameza sindano!

Mchoraji, binti kitinda mimba wa nyumba hiyo, alikataa katakata. Wiki tatu alikuwa kajifungia chumbani na turubai, akimchora baba jinsi alivyomjua: kainamia cherehani, ndita zimemjaa usoni, mdomo kaubana. Alilia akichora, hasira zikampanda, akalia tena. Maana ni baba huyohuyo aliyemchania michoro yake akisema hiyo ni kazi ya wavivu. Na ni chini ya meza ya baba huyohuyo, akitazama mkasi ukipita kitambaani, alikojifunza kwamba mstari hupigwa mara moja, bila kusitasita. Watu wakimuuliza nani alimfundisha kuchora, humtaja yeye, wapende wasipende.

Kaka mtu hakutaka kusikia hayo. Alisema marehemu husitiriwa, na kama mdogo wake ana kiburi, kesho asubuhi ataletwa mchoraji mwingine aurekebishe mdomo ule.

"Uuguse mdomo huo, kaka, uone kama nitakanyaga tena nyumba hii," binti akamjibu.

Wala hakuwa anatania. Ila mama yao alikuwa ameshaingia sebuleni, na neno la mwisho lilikuwa lake. Tangu mazishi mama hakuwa amedondosha chozi hata moja. Akitaka tabasamu, basi ni tabasamu, na baba wa kweli ndiyo kaenda na maji.

Mama akasogea mpaka mbele ya turubai. Akazitazama zile ndita kwa muda mrefu.

"Haya, leo nimekosa nini tena?" akaiuliza picha, taratibu, kama alivyozoea kumuuliza mwenyewe.

Kaka mtu akataka kusema kitu. Mama akamnyamazisha kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuhangaika kuyafuta. Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mumewe.

"Mtamtundika hapahapa, vilevile alivyo," akasema. "Miaka arobaini yeye amesema, mimi nimenyamaza. Sasa ni zamu yangu. Tokeni, mfunge na mlango."